Kununua na Kufufua Mashine ya Bustani Iliyotumika

Mashine ya petroli iliyolala stoo miaka miwili na sasa haiwaki, mara nyingi ni nzima kuliko ile inayounguruma kwa mvuto mmoja mbele ya mnunuzi. Ya kwanza huenda imezibwa na petroli iliyochacha ndani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kazi ya saa moja na kopo la dawa ya kusafishia. Ya pili huenda inauzwa kwa sababu mwenyewe ameshasikia ndani yake mlio asioupenda.

Nimenunua za aina zote mbili. Mashine ya kufyekea niliyoichukua kwa sababu ya rangi yake inayong'aa ilifanya kazi siku mbili, siku ya tatu injini ikakwama. Nilipoifungua nikakuta pistoni imekwaruzika juu hadi chini, na majeraha hayo hayakuwa ya siku mbili. Mashine ya kukata nyasi niliyopewa kama chuma chakavu, ambayo mwenyewe alikuwa amekata tamaa nayo, ilikuwa na jeti moja tu iliyoziba, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta. Bado inakata.

Ndiyo maana ninaponunua ninatazama kwanza nguvu ya injini kubana hewa, yaani kampresheni, halafu unyoofu wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Plagi, kabureta, mipira ya mafuta, kamba na chujio ni vitu vinavyouzwa, na mtu mwenye spana chache anaweza kuvifunga mwenyewe. Silinda iliyokwaruzika na krenki iliyopinda, hapana. Gharama yake hukaribia kununua mashine nyingine.

Jua ni injini ya aina gani

Misumeno ya mnyororo, mashine za kupulizia majani na nyingi za kufyekea hutumia injini ya mapigo mawili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli kwenye tangi lilelile. Mashine za kukata nyasi za kusukuma, zile za matairi manne, nyingi zina injini ya mapigo manne: petroli tupu kwenye tangi, oili peke yake ndani ya injini, na mara nyingi kijiti cha kupimia. Usidanganywe na msumeno kwa kuwa una mifuniko miwili. Mfuniko wa pili ni wa oili ya kulainisha mnyororo, si ya injini.

Tofauti hii si ya darasani. Injini ya mapigo mawili ikiwekewa petroli tupu, hata kwa kuazimwa na jirani asubuhi moja, huwa imeshaumia. Na hilo ndilo jambo ambalo muuzaji hatakuambia, pengine kwa sababu hata yeye halijui.

Kabla ya kwenda kuiona

Omba picha ya kibati cha namba. Bila namba ya modeli huwezi kununua kipuri sahihi, na ukijua namba mapema unaweza kuulizia bei ya vitu vitatu kabla ya kuanza kupatana: kabureta, koili (inayozalisha umeme wa plagi), na seti ya silinda na pistoni. Ikiwa seti hiyo haipatikani kabisa, ujue unanunua mashine ya kutumia hadi siku itakapokufa. Injini za Tecumseh, kwa mfano, bado zimo kwenye mashine nyingi za zamani, lakini kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 2008. Kwa injini za Briggs & Stratton, zile namba zilizogongwa kwenye bati zina safu tatu: modeli, aina na kodi (code). Tarakimu mbili za kwanza za kodi ni mwaka wa kutengenezwa, mbili zinazofuata ni mwezi. Kodi inayoanza na 9506 ni injini ya Juni 1995, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni ya juzi.

Kisha uliza maswali mawili. Iliacha vipi kufanya kazi? Na ilihifadhiwa na mafuta ndani au bila mafuta? "Ilikuwa nzima nilipoiweka, nilipoitoa ikagoma" ni jibu zuri sana. Hiyo ni habari ya kabureta. "Ilizima yenyewe katikati ya kazi, na sasa kamba inavutika kwa ulaini" ni jibu la kukufanya ubaki nyumbani.

Mwisho, mwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa silinda au sailensa kwa mgongo wa mkono, taratibu. Ikiwa ya moto, mtu ameipasha, na mashine iliyopashwa huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida asubuhi. Si lazima awe mwongo. Lakini subiri ipoe.

Beba tochi kali, spana ya plagi, bisibisi, glavu nene, karatasi nyeupe na, ukiwa nacho, kipimo cha kampresheni. Mimi hubeba pia kichupa cha mchanganyiko mpya wa petroli.

Ukaguzi wenyewe

Fungua tangi unuse. Harufu kali kama ya vanishi au rangi ya mbao ni ya petroli iliyochacha, na kwa mnunuzi hiyo ni nafasi ya kushusha bei. Kwa injini ya mapigo mawili fanya jambo moja zaidi: dondosha tone la mafuta ya tangini kwenye karatasi nyeupe uache likauke. Petroli iliyochanganywa na oili huacha doa la mafuta. Petroli tupu hupotea bila doa. Ukikosa doa, usifukuzane na mashine hiyo mpaka uione pistoni kwa macho.

Sasa kampresheni. Kwa msumeno au mashine ndogo ya mkononi, hakikisha swichi imezimwa, ishike kwa mpini wa kamba na uiache ining'inie. Injini nzima hushuka kwa vituo: inasimama, inashuka kidogo, inasimama tena. Injini iliyochoka hushuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Ikiwa ina kitufe cha kupunguza mgandamizo, hakikisha hakijabonyezwa. Ukitumia kipimo, chomoa plagi, bana mkono wa kuongezea kasi mpaka mwisho, vuta kamba mara tano au sita kwa nguvu. Injini ndogo ya mapigo mawili iliyo na afya kwa kawaida husoma psi (kipimo cha mgandamizo) 120 hadi 150. Chini ya 90, kuwaka kwake ni bahati.

Kwenye mashine ya mapigo manne kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa nyingi zina kifaa kinacholegeza valvu kidogo wakati wa kuvuta kamba ili mkono usiumie. Hapo tumia njia nyingine. Vua kofia ya plagi, ishikilie mbali, bana ule mpini wa usalama ili breki ifunguke, vaa glavu, halafu zungusha kisu kwa mkono kinyume na mwelekeo wake wa kawaida. Kwenye pigo la kubana kinapaswa kugoma na kurudi kwa mdundo. Kikizunguka kama feni, ringi (pete za pistoni) au valvu zimekwisha. Usiinamishe mashine ovyo kwa kazi hii: upande wa kabureta na chujio la hewa ubaki juu, la sivyo oili itaingia kwenye chujio na utatumia siku nzima kutafuta tatizo uliloliumba mwenyewe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwenye mapigo mawili ni kuiona pistoni. Sailensa kwa kawaida hushikwa na bolti mbili au tatu. Ifungue, vuta kamba polepole huku ukimulika tundu la moshi. Pistoni nzuri ni laini, ina rangi ya kijivu, na ringi inaonekana kama mstari safi usioganda. Mistari ya wima iliyochimbika upande wa moshi kwa kawaida ni dalili ya joto kali: mchanganyiko mkavu (petroli kidogo kwa hewa nyingi), oili kidogo, au injini kuvuta hewa mahali isipostahili. Ikiwa imechimbika zaidi upande wa kabureta, vumbi limepita kwa sababu ya chujio bovu. Muuzaji akikataa usifungue bolti mbili mbele yake, mshukuru kwa muda wake.

Krenki sasa. Mashine ya kukata nyasi ikigonga jiwe au kisiki, kitu fulani lazima kipinde. Chomoa plagi, inamisha mashine ipasavyo, mwombe mtu avute kamba taratibu huku wewe ukiwa mbali na kisu na kutazama kichwa cha bolti ya katikati. Kinapaswa kuzunguka mahali pamoja. Kikiyumba, krenki imepinda. Kuna watu huinyoosha kwa nyundo. Usiwe mmoja wao, maana inaweza kukatika kisu kikiwa kwenye kasi. Mtikisiko uliosikika mpaka kwenye mpini wakati wa kufanya kazi unaweza kuwa ni kisu tu kisicho na uwiano, lakini hiyo thibitisha kwanza, usiikisie.

Mengine ni ya haraka. Choma bati la chini kwa bisibisi uone kama kutu imelila mpaka likatoboka. Tikisa fimbo ya mashine ya kufyekea na kichwa chake cha gia: mchezo mkubwa ni beringi. Kwenye msumeno, breki ya mnyororo lazima ishike kabisa, na hilo halina mjadala hata bei iwe ya bure. Tazama pia meno ya gia inayovuta mnyororo, na kingo za upanga (bapa linalobeba mnyororo) kama zimelika upande mmoja. Namba ya mashine ikiwa imefutwa kwa jiwe la kusagia, ondoka.

Ikiwa inawaka, iwashe ikiwa baridi, iache iungurume taratibu, ipe mafuta mpaka mwisho, kisha izime na uiwashe tena ikiwa moto. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka. Injini yenye ringi zilizochoka au koili inayokufa huweza kuwaka vizuri ikiwa baridi na kugoma kabisa ikishapata joto. Moshi wa buluu usiokwisha kwenye mapigo manne unamaanisha inakula oili, ingawa kama mashine ililazwa ubavu muda mfupi kabla, uache utoke dakika chache kwanza. Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa, tatizo dogo.

Kuhusu bei, kanuni yangu ni ya mkono tu: nakadiria vipuri nitakavyohitaji, naongeza gharama hiyo kwenye bei anayoitaka, na jumla ikivuka nusu ya bei ya mashine mpya ya aina hiyohiyo, ninaaga.

Nyumbani: kwanza usalama, kwa kifupi

Vua kofia ya plagi kabla ya kugusa kisu au mnyororo, kila mara, hata kama "inagoma kabisa". Petroli itolewe nje, mbali na moto, na chombo cha kuimwagia kiwe na mfuniko. Usiwashe injini ndani ya chumba au gereji iliyofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu na huua mtu kabla hajashuku. Vaa miwani unapopulizia dawa ya kabureta. Hurudi usoni kupitia tundu usilolitegemea.

Hatua ya 1: Osha, kisha mwaga

Piga brashi mapezi ya silinda na sehemu ya feni. Nyasi zilizokauka pale huzuia hewa ya kupooza na kuchoma injini. Mwaga petroli yote ya zamani. Usijaribu kuichanganya na mpya ili usipoteze. Watengenezaji wengi wanashauri petroli isikae zaidi ya siku 30 bila dawa ya kuihifadhi, na ile yenye ethanoli ina ubaya zaidi kwa sababu ethanoli hunyonya unyevu. Maji yakizidi, hujitenga chini ya tangi pamoja na ethanoli, na ndiyo yanayofika kwanza kwenye kabureta. Injini nyingi ndogo hazikutengenezwa kwa mafuta yenye ethanoli zaidi ya asilimia 10.

Hatua ya 2: Kijiko kimoja cha petroli

Kabla ya kufungua chochote, jua ugonjwa uko upande gani. Toa plagi, mimina ndani ya silinda kiasi kisichofika kijiko cha chai cha petroli mpya (iliyochanganywa na oili kama ni mapigo mawili), rudisha plagi, vuta. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, basi moto wa plagi (cheche) upo, kampresheni ipo, na tatizo ni mafuta kutofika. Nenda hatua ya 4. Isipokohoa hata kidogo, anza na moto. Usitumie dawa ya kupulizia ya kuwashia injini kwenye mapigo mawili. Haina oili, na unapiga pistoni kavu.

Hatua ya 3: Moto

Weka plagi mpya kwanza; ni rahisi kuliko kubishana na ya zamani. Rekebisha pengo lake kufuata kitabu cha mashine: kwa misumeno mingi ni milimita 0.5, kwa mashine nyingi za kukata nyasi ni karibu 0.75. Ichomeke kwenye kofia yake, gusisha mwili wake kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi (mvuke wa petroli hutoka hapo na unaweza kushika moto), kisha vuta kamba mahali penye kivuli. Unataka cheche ya buluu yenye mlio.

Hakuna cheche? Usikimbilie koili. Ondoa kwanza ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda swichi ya kuzimia, ujaribu tena. Cheche ikirudi, ubovu ni swichi au waya uliochubuka ukagusa chuma. Kumbuka tu kwamba injini ikiwaka katika hali hiyo haitazimika kwa swichi. Izime kwa choki, kile kidude kinachoziba hewa ya kabureta.

Kama bado, fungua kifuniko cha feni. Sugua kutu kwenye sumaku ya flaiwili (lile gurudumu zito lililo mwisho wa krenki) na kwenye miguu ya koili kwa msasa laini. Pengo kati yao kwa kawaida ni milimita 0.25 hadi 0.35, na kadi nene ya karatasi inatosha kulipima: legeza bolti za koili, weka kadi katikati, acha sumaku iivute koili, kaza, vuta kadi. Baada ya hapo ndipo koili ishukiwe.

Kuna ubovu mmoja unaowachosha mafundi wa nyumbani kuliko yote. Moto upo, mafuta yapo, kampresheni ipo, lakini injini inapiga mlipuko kwenye kabureta au inakunyang'anya kamba mkononi. Kwenye mashine ya kukata nyasi iliyowahi kugonga kitu, tazama kii ya flaiwili, kile kipande kidogo cha chuma laini kinachoishikilia flaiwili kwenye krenki isiteleze. Imetengenezwa ikatike ili krenki ipone. Ikisogea hata milimita moja, cheche inakuja wakati usiofaa. Toa flaiwili kwa pula, usiipige nyundo moja kwa moja, weka kii mpya ya aina ileile, futa mafuta yote pale flaiwili inapokaa, na kaza nati kwa kipimo cha kitabu. Usichonge kii yako mwenyewe kwa chuma kigumu.

Hatua ya 4: Kabureta

Hapa ndipo mashine nyingi zilizotumika zinapofufukia, kwa hiyo usiwe na haraka.

Piga picha kabla ya kugusa kitu: springi za gavana (kidhibiti cha kasi) zimeingia tundu lipi, gasketi zimekaa vipi. Springi ikiingia tundu la jirani, injini inaweza kukimbia kupita kiasi au ikabaki inapandisha na kushusha mzunguko bila kutulia.

Kabureta ya mashine ya kukata nyasi huwa na bakuli na floti, boya linalopanda na petroli. Fungua bolti ya chini ya bakuli. Kwenye baadhi ya kabureta za Briggs & Stratton bolti hiyo yenyewe ndiyo jeti; ina tundu dogo ubavuni ambalo watu hulitupia macho na kulipita. Ndani ya bakuli utakuta ama utelezi wa kahawia, ambao unasafishika, ama unga mweupe, ambao ni alumini iliyoliwa na maji. Unga ukiwa umeacha mashimo pale jeti au sindano (inayofunga petroli bakuli likijaa) inapokaa, usipoteze jioni yako, nunua kabureta nyingine.

Toa floti, sindano, jeti kuu na bomba lililo juu yake lenye vitundu ubavuni. Vua mipira na gasketi zote kabla ya kutia dawa. Pulizia kila njia na utazame dawa ikitokea upande wa pili. Kama haitokei, njia haijafunguka, hata kabureta ing'ae namna gani. Tundu la jeti lizibuliwe kwa unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Niliwahi kutumia sindano ya kushonea. Tundu likapanuka, na mashine ikatoa moshi mweusi mpaka nilipoinunulia jeti mpya. Usisahau ile jeti ndogo ya mzunguko wa taratibu, ambayo mara nyingi hufichwa chini ya skrubu ya plastiki. Ikiziba, injini huwaka kwa choki tu na kuzima ukiiondoa.

Ukifunga, igeuze kabureta juu chini ili floti iegemee sindano, chomeka kipande cha mpira safi kwenye njia ya petroli na upulize kidogo kwa mdomo. Hewa isipite. Ikipita, petroli itafurika, na kwenye mapigo manne inaweza kushuka hadi kwenye oili. Oili inayonuka petroli na iliyopanda juu ya alama imwagwe kabla ya kuwasha.

Kabureta za msumeno na mashine za kufyekea hazina floti. Zina diaframu, vipande vya mpira mwembamba: kimoja hufanya kazi ya pampu kwa kufuata mapigo ya injini, kingine hudhibiti petroli inayoingia. Diaframu ikikakamaa ikalia kama karatasi unapoiminya, imekwisha. Walbro na Zama, watengenezaji ambao majina yao utayakuta yamegongwa kwenye kabureta nyingi za aina hii, wana seti za kukarabati kwa modeli nyingi. Jambo la kuangalia ni mpangilio: diaframu na gasketi hazipangwi sawa kwenye pande mbili za kabureta, kwa hiyo fungua upande mmoja, umalize, ndipo ufungue wa pili.

Skrubu za kurekebishia, zikiwepo, zina alama L kwa mzunguko wa taratibu na H kwa kasi. Zikaze polepole mpaka ziguse, bila kubana, kisha zirudishe nyuma karibu mzunguko mmoja kila moja. Hapo ni pa kuanzia tu. Rekebisha L kwanza injini ipande kasi bila kusita. H isikaziwe ili upate mlio mkali wa kupendeza. Mlio ule mwembamba unaopiga kelele ndio unaoua pistoni. Fungua kidogo mpaka usikie mlio umekuwa mzito na wa kugugumia ukiwa kasi bila mzigo. Mashine mpya zaidi zenye M-Tronic ya Stihl au AutoTune ya Husqvarna hujirekebisha zenyewe.

Hatua ya 5: Mipira, chujio, pumzi ya tangi

Pinda mpira wa mafuta kwa vidole. Ukionyesha nyufa, badilisha yote, pamoja na chujio lililo mwisho wake ndani ya tangi. Kitufe cha mpira cha kupampia kikipasuka kinavuta hewa badala ya petroli. Na mashine ikifanya kazi dakika kumi ikazima, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia na baada ya hapo ikawaka, tundu la pumzi la tangi limeziba. Nimeona kabureta nzima zikitupwa kwa sababu ya tundu hilo.

Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji na sabuni, likauke, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi.

Hatua ya 6: Sailensa

Mashine iliyopoteza nguvu taratibu, msimu baada ya msimu, huenda haina tatizo la injini. Sailensa nyingi za misumeno na za kufyekea zina wavu mdogo wa kuzuia cheche, na masizi huufunga. Utoe, uchome au upige brashi ya waya, urudishe. Masizi kwenye tundu la moshi yakwanguliwe kwa kijiti cha mbao, pistoni ikiwa imeziba tundu hilo ili uchafu usidondoke ndani.

Hatua ya 7: Oili

Kwa mapigo mawili, fuata uwiano wa mtengenezaji. 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani 100 kwa lita 5. Mashine za zamani zinazotaka 25 kwa 1 zinahitaji 200 kwa lita 5. Tumia oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za mapigo mawili zinazopozwa na hewa, na changanya kwenye galoni, si ndani ya tangi.

Kwa mapigo manne, mwaga oili ya zamani injini ikiwa vuguvugu, weka SAE 30 au 10W-30 hadi alama, basi. Kama inawaka kwa shida na kamba ni nzito kupita kawaida, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Kwenye Honda GX160 za zamani, kwa mfano, ni milimita 0.15 valvu ya kuingiza na 0.20 ya kutoa moshi.

Hatua ya 8: Kinachokata

Noa kisu kwa pembe yake ya zamani, ukiondoa kiasi sawa pande zote mbili, kisha kining'inize kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka uondolewe chuma zaidi, lakini kutoka nyuma ya makali. Kisu chenye ufa au kilichopinda kitupwe. Mnyororo wa msumeno unolewe kwa tupa ya duara inayolingana nao: milimita 4.8 kwa mnyororo wa .325 (hatua ya mnyororo kwa inchi), milimita 4.0 kwa ule mdogo wa 3/8 wa misumeno midogo. Mnyororo ukitoa unga badala ya vipande, ni butu. Kuusukuma kwa nguvu ni kuchosha injini uliyotoka kuifufua.

Hatua ya 9: Kuwasha mara ya kwanza

Itoe nje, iweke pahali tambarare, kofia ya plagi irudi mwisho kabisa. Choki, vuta mpaka ikohoe, toa choki nusu, vuta tena. Ikishika, iache iungurume dakika mbili tatu, halafu ipe mzigo mdogo. Kwenye msumeno, elekeza ncha ya upanga kwenye kipande cha kadibodi kwa umbali wa kiganja na uongeze kasi. Mstari wa oili usipoonekana, pampu ya oili imeziba na upanga utaungua. Mnyororo au kichwa cha kufyekea kisizunguke injini ikiwa kwenye mzunguko wa taratibu. Kikizunguka, punguza skrubu ya kasi ya mzunguko huo (si ile ya L), na kama haisaidii, springi za klachi zimelegea.

Baada ya dakika 15 izime, ipoe, kisha rudi na spana kwenye bolti za sailensa, za kabureta na ya kisu. Hasa za sailensa: joto la kwanza huzilegeza. Ukijua utakaa zaidi ya mwezi bila kuitumia, mwaga tangi na uiache injini iunguze kilichobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe.